Mlinzi na Mlindwa: Wanawake wa Rufiji katika Vita vya Wadachi

Ndugu Mhariri alipoleta ombi lake kwamba kila kundi la wahitimu litoe makala moja kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, wenzangu waliniangukia mimi. Walisema kwamba kwa kuwa nilisoma historia chuo kikuu, na serikali ndiyo iliyonilipia sehemu ya karo, sina budi kulipa deni kwa kalamu. Deni nalikubali. Na kwa kuwa shule yetu imekaa katika nchi ya Mto Rufiji, nimeona nisiende mbali kutafuta maneno. Nitaandika juu ya vita vilivyopiganwa hapa hapa, kati ya 1914 na 1917, na nitaandika juu ya watu ambao vitabu vya vita hivyo vinawapita kama msafiri anavyompita mwanamke anayetwanga uani: anamsikia, lakini hageuki.

Sisi tuliokuwa shuleni mwishoni mwa miaka ya 1990 tunaikumbuka sinema iitwayo Shout at the Devil. Ilikuja kwetu kwa mkanda wa video, ikiwa imekwisha kuchakaa. Sinema hiyo ilitolewa mwaka 1976, na imetokana na riwaya ya Wilbur Smith iliyochapishwa mwaka 1968. Waliocheza ndani yake ni Lee Marvin, Roger Moore na Barbara Parkins. Humo mna Mmarekani mlevi anayewinda ndovu kwa magendo, mna binti yake, mna kijana wa Kiingereza ampendaye binti huyo, na mna manowari ya Kidachi iliyojificha katika mikoko ya Rufiji. Tulishangilia sana kusikia jina la mto wetu likitajwa na mastaa wa ng'ambo. Sinema yenyewe haikupigiwa Rufiji, lakini hilo halikutupunguzia furaha.

Hadithi za namna ile zina mpango mmoja. Yupo mwanamke aliye hatarini. Yupo mwanamume mwenye silaha ambaye kazi yake ni kumlinda. Adui anakaribia, moyo unadunda, na mwisho mlinzi na mlindwa hushikana mikono. Ni mpango mtamu, wala simlaumu mtu apendaye kuusoma akiwa safarini. Lakini mwanafunzi wa historia ana wajibu wa kuuliza: je, katika vita vya kweli vya Rufiji, walikuwapo wanawake? Kama walikuwapo, nani alikuwa mlinzi wao? Na ulinzi huo waliulipia nini?

Kwanza tuikumbuke manowari yenyewe, kwa ajili ya wanafunzi waliopo shuleni sasa ambao huenda hawajafundishwa. Iliitwa Königsberg, na kapteni wake alikuwa Max Looff. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, ilizamisha meli ya biashara ya Kiingereza mnamo Agosti, na alfajiri ya Septemba 20, 1914 iliivamia bandari ya Unguja na kuizamisha manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus. Baada ya hapo mashine zake zilikuwa zinahitaji matengenezo, na Waingereza walikuwa wanaisaka bahari nzima. Ikaingia katika delta ya Rufiji, ikajificha nyuma ya mikoko karibu na Salale. Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba, wakaiziba njia ya kutokea.

Ndani ya delta ile meli ilikaa zaidi ya miezi minane. Vipande vya mashine yake vilivutwa kwa nguvu za mamia ya Waafrika kupitia matope na pori hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ile ile. Waingereza walileta ndege, jambo ambalo watu wa Rufiji hawakuwa wamepata kuliona, kisha wakaleta manowari mbili fupi zenye mizinga mikubwa, Severn na Mersey, zilizoweza kuelea katika maji haba. Zilipigana na Königsberg Julai 6, 1915, zikatupa makombora zaidi ya 600 bila kuimaliza. Julai 11 zilirudi, na siku hiyo Wadachi wenyewe waliilipua meli yao. Hata hivyo mizinga yake 10 iliopolewa majini, ikawekewa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na watalii hupiga nao picha.

Hayo yote yameandikwa vizuri. Idadi ya makombora inajulikana, majina ya maofisa yanajulikana, unene wa mizinga unajulikana kwa milimita. Sasa mtu na ajiulize: makombora yale zaidi ya 600 yaliyorushwa na mizinga isiyoiona shabaha yake yalianguka nchi ya nani?

Delta haikuwa pori tupu. Watu wa Salale, wa Mbwera na wa vijiji vingine vya visiwani walikuwa wakiishi humo kwa mpunga, samaki na boriti za mkandaa na msinzi, ambazo majahazi yalizichukua hadi Uarabuni. Na kila aliyekulia Rufiji anajua nani alikuwa shambani. Kilimo cha mpunga, tangu kupanda hadi kuvuna, kimeegemea zaidi mikono ya wanawake. Mpunga unapoanza kutoa suke, familia huhamia shambani na kukaa katika dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, ili kuwafukuza ndege mchana na nguruwe na viboko usiku. Mwanamke wa dungu ndiye mlinzi wa kwanza niliyemjua katika nchi hii. Silaha yake ni kamba yenye makopo, kombeo la udongo na sauti yake. Wanaume wanapotoka kwenda kukata boriti, au wanapochukuliwa kuvuta mashine za meli ya watu, mlinzi wa mpunga anabaki yeye.

Kwa hiyo tunapofungua hadithi yetu ya kweli, tayari mambo yamegeuka. Mwanamke wa Rufiji hakukaa akingoja mlinzi aje. Alikuwa kazini.

Ni hapo tunapokutana na neno lenyewe. Jeshi la Wadachi katika nchi hii, lililoundwa rasmi mwaka 1891, lilikuwa na jina la Schutztruppe. Neno hilo kwa Kiswahili ni Jeshi la Ulinzi. Na koloni lenyewe, katika karatasi zao, liliitwa nchi iliyo chini ya ulinzi. Basi tangu mwanzo tuliambiwa kwamba sisi ni walindwa. Hatukuelezwa tunalindwa na nini.

Msingi wa jeshi hilo uliwekwa na Hermann Wissmann mwaka 1889, alipokuja kupigana na akina Abushiri wa pwani. Askari wake wengi alikuwa amewaandikisha Cairo, nao walikuwa Wasudani, na hawakuja peke yao: walikuja na wake zao na watoto wao. Wengine waliletwa kutoka Msumbiji, na baadaye waliandikishwa Wanyamwezi, Wasukuma na watu wa makabila mengine. Jambo la kushika hapa ni kwamba askari wa Mdachi hakuwa mtu mmoja. Alikuwa nyumba nzima. Mkewe ndiye aliyempikia, aliyemfulia, aliyemtwangia, aliyemuuguza, na safarini ndiye aliyebeba sufuria, mkeka na mtoto. Jeshi halikuwa na idara ya mapishi kwa ajili ya askari weusi. Wanawake ndio waliokuwa idara hiyo, bila cheo na bila mshahara.

Wanawake hao waliingiaje katika nyumba za askari? Njia zilikuwa mbalimbali, na ni vema tuzitenganishe tusije tukawasingizia wote jambo moja. Wapo walioolewa kwa mahari na ndoa kama watu wengine. Wapo waliomfuata askari kwa hiari yao, maana mshahara wake ulizidi ule wa kibarua, na karibu na boma palikuwa na soko, nguo na chumvi. Na wapo waliotekwa.

Hao waliotekwa tusiwafiche. Mwaka 1905, katika vilima vya Wamatumbi, kusini tu ya mto wetu, vita vya Majimaji vilianza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikamatwa, akanyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Kilichofuata ni kampeni ya kuchoma vijiji, mashamba na maghala, ili njaa imalize kile ambacho bunduki haikukimaliza. Hesabu ya Wadachi wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria kuwa walifika 250,000 au hata 300,000. Katika kampeni hiyo wanawake na watoto walishikwa ili waume zao wajisalimishe, na wengine waliishia mikononi mwa askari na ruga-ruga kama sehemu ya ngawira. Mwanamke aliyechomewa nyumba asubuhi, jioni alimpikia yule aliyeichoma. Mwaka mmoja baadaye, aliyempita njiani alimwita bibi wa askari. Huenda hata yeye mwenyewe alijiita hivyo, kwa kuwa jina hilo lilimpa posho, na posho ndiyo iliyomweka hai.

Na kama mtu anadhani mlinzi hakuwa na hatari kwa mlindwa wake, na akumbuke kisa cha Kilimanjaro. Carl Peters, yule aliyezungukia machifu na mikataba yake ya ulaghai, alikuwa kamishna wa Kilimanjaro. Katika kituo chake aliishi msichana aitwaye Jagodja, ambaye Peters alikuwa amemfanya hawara. Msichana yule alitoroka, akakamatwa, na mwezi wa Januari 1892 Peters akaamuru anyongwe. Kabla yake alikuwa amekwisha kumnyonga mtumishi wake, Mabruk. Mambo hayo yalizua kelele katika Bunge la Ujerumani, na mwaka 1897 Peters alifukuzwa kazi. Mlinzi aliyekimbiwa alimuua aliyemkimbia. Katika sinema sehemu hiyo haionyeshwi.

Sasa turudi mtoni. Mwisho wa 1916 vita vya nchi kavu vilifika kwetu. Jenerali Smuts alikuwa amewasukuma Wadachi kutoka kaskazini hadi wakaingia katika bonde la Rufiji. Januari 4, 1917 palipiganwa Behobeho, na hapo aliuawa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, mwenye umri wa miaka 65. Kaburi lake lipo mpaka leo, na kwa muda wa karibu miaka 100 pori kubwa la wanyama liliitwa kwa jina lake, hadi sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Siku chache baada ya Behobeho Waingereza walikuwa wamevuka mto pale Kibambawe.

Kisha masika ikaingia. Ninyi mnaoijua Rufiji hamhitaji kuelezwa. Mto ulitoka kitandani mwake, barabara zikawa mito, na majeshi yote mawili yakakwama. Askari wa Nigeria waliokuwa upande wa Waingereza walipata njaa kali, kwa sababu chakula chao kilitoka mbali, na wapagazi waliokileta walikula sehemu yake njiani au walikufa nacho kichwani. Upande wa Wadachi, kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alitegemea mahindi na mpunga wa wakulima wa bonde. Yaani alitegemea kile ambacho mwanamke wa dungu alikuwa amekilinda dhidi ya nguruwe. Dhidi ya nguruwe alikuwa na kombeo. Dhidi ya jeshi hakuwa na kitu.

Chakula kilipopungua, Lettow-Vorbeck alianza kupunguza vinywa. Alipunguza wapagazi, alipunguza watumishi wa Wazungu, akawageukia wanawake wa askari. Wengi wao walikuwa wametua katika kambi kando ya mto. Aliamua wahamishiwe kusini, ambako aliona chakula ni kingi zaidi. Wakapangiwa msafara, wakapewa posho ya njia, akawekwa Mzungu mmoja wa kuwaongoza.

Kilichotokea amekieleza mwenyewe katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 1920. Baada ya mwendo mfupi wa siku moja, wanawake walilala chini, wakasema hawawezi kwenda mbele. Posho iliyokusudiwa siku nyingi ilikwisha siku ya tatu, nao wakadai nyingine. Baadhi yao walimrukia yule Mzungu aliyewaongoza, wakampiga.

Kamanda anasimulia kisa hicho kwa mzaha, kama mtu anayesema kwamba wanawake ni wale wale duniani kote, hujipendekeza na kutumia vibaya heshima wanayopewa. Waandishi wengi waliomfuata wamecheka pamoja naye. Mimi nimekisoma mara nyingi, na kila nikikisoma kicheko kinanipungua. Hebu tukitazame kwa jicho la mtu aliyekuwa chini, si aliyekuwa mezani na ramani.

Wanawake wale walikuwa wakitolewa kambini, mahali ambapo mume yupo na posho yake ipo, wakapelekwa katikati ya masika kwenye nchi ambayo miaka 12 tu nyuma ilikuwa imechomwa moto na Jeshi la Ulinzi lile lile. Je, mke wa askari angepokewaje katika vijiji vya huko, na mlinzi wake hayupo? Posho waliyopewa ilipimwa kwa hesabu ya nani? Sina kitabu chake cha posho, lakini najua kwamba mwanamke mwenye watoto wawili hali peke yake. Iliyoitwa ulafi huenda ilikuwa tu hesabu iliyopigwa vibaya. Na kulala chini, wakati huna bunduki wala cheo, ni njia ya zamani sana ya kusema hapana. Wafanyakazi wakifanya hivyo tunaita mgomo, tena tunawatungia nyimbo.

Kwa maoni yangu, basi, hicho ndicho kisa cha kweli cha Rufiji kinachostahili sinema. Wanawake waliokuwa hatarini wapo. Askari wenye bunduki wapo. Lakini hatari ilitoka kwenye amri ya upande wao wenyewe, na siku ya shida walinzi walikuwa wamebaki kambini kwa amri hiyo hiyo, nao walindwa wakajilinda kwa mikono yao. Majina yao hayakuandikwa hata moja. Hata lile kosa lao la kumpiga Mzungu, ambalo mwanamume mweusi angelipia kwa kiboko au kwa kitanzi, halikuwapatia nafasi ya kutajwa kwa majina.

Sitasema kwamba hapakuwa na mapenzi. Atakayesema hivyo hajui binadamu. Novemba 1917 Wadachi walipovuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, wakiwa wamewaacha nyuma wagonjwa na wasiojiweza, wanawake wengi waliendelea kufuatana nao. Walitembea mwaka mzima, wakajifungua njiani, wakabeba watoto mgongoni hadi Novemba 25, 1918, jeshi lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako sasa ni Mbala nchini Zambia. Askari waliosalia siku ile walikuwa 1,168. Mwanamke hatembei safari hiyo kwa posho tu, na mwanamume hagawi konzi yake ya mwisho ya mahindi kwa mazoea tu. Lakini mapenzi yaliyozaliwa ndani ya vita hayavifanyi vita kuwa ulinzi. Mtu anaweza kumpenda mlinzi wake na bado akawa anamhitaji kwa sababu tu walinzi wenzake wameichoma nchi yote nyingine.

Upande wa Waingereza nako kulikuwa na wanawake waliobaki. Wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu, ambao kwa jina lao mtaa wa Kariakoo unaitwa hivyo mpaka leo, walikufa zaidi ya 40,000 kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, na hesabu hiyo haikuwafikia wote. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu, na wengi walikuwa waume wa watu. Wake zao hawakuambiwa hata mahali lilipo kaburi. Walingoja, wakapanda mpunga, wakaamia ndege.

Huenda mwanafunzi wa kidato cha pili ataniuliza: mzee, mambo haya ya zaidi ya miaka 100 yanatuhusu nini? Nitamjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la kazini kwangu. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi mkate wangu umetokana na majedwali. Mwaka 2024, mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti mwezi wa Aprili, nilikuwa miongoni mwa waliopelekwa kusaidia kuandika walioathirika. Fomu ilikuwa na nafasi ya mkuu wa kaya. Mama mmoja mtu mzima, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alisikia ninamwuliza jina la mume, akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "huyo yupo Dar es Salaam mwaka wa tatu huu. Maji yamenikuta mimi. Niandike mimi." Nikamwandika yeye. Mama yule hakuwa amesoma kitabu cha Lettow-Vorbeck, lakini alijua jambo ambalo wanahistoria wamechelewa kulijua: kwamba anayeandikwa kuwa mlinzi na anayelinda huenda wasiwe mtu mmoja.

La pili ni zito zaidi, na nitalisema kwa ufupi. Wana Kibiti wanakumbuka hofu ya miaka ile iliyofikia kilele mwaka 2017. Viongozi wa vijiji waliuawa majumbani kwao, na Aprili 13 mwaka huo askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja eneo la Mkengeni. Tulisoma magazetini habari za wauaji, habari za silaha, habari za operesheni. Mjane wa mwenyekiti wa kijiji na mjane wa askari tuliwasoma katika mstari mmoja wa mwisho, bila kauli yao. Mmoja alipoteza mtu aliyemlinda yeye. Mwingine alipoteza mtu aliyetumwa kuwalinda wengine. Sijui kilio kilichozidi kingine. Najua tu kwamba tusipowauliza sasa, wakiwa hai, mwandishi wa miaka 100 ijayo atawaandika kama Lettow-Vorbeck alivyowaandika wale wa 1917: aya moja, tena ya kupita.

Ndugu zangu, historia ya nchi hii iliwahi kuokolewa na wanafunzi. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Mlimani walisambaa vijijini, wakawauliza wazee habari za Majimaji wakati waliokuwa na kumbukumbu hizo bado wapo. Bila kazi ile tungekuwa tunasoma Majimaji kwa maneno ya maofisa wa Kidachi peke yake. Hawakuwa na fedha nyingi. Walikuwa na daftari, adabu na uvumilivu wa kukaa mkekani.

Basi hoja yangu kwa mkutano huu ni ndogo na inatekelezeka. Klabu ya historia ya shule yetu na ipewe madaftari, nasi wahitimu tuyanunue. Kila mwanafunzi anayekwenda likizo Salale, Nyamisati, Mohoro, Utete au Kibiti penyewe, na amwendee bibi yake au bibi wa jirani, amwamkie, amsaidie kazi aliyo nayo mkononi, kisha amwulize mambo matatu: mama yako alisimulia nini juu ya vita, nani alikulinda siku ya hatari, na wewe ulimlinda nani? Aandike jibu kama lilivyosemwa, asilinyooshe, na jina la msimulizi aliweke juu ya ukurasa, ikiwa mwenyewe ameridhia. Madaftari yakae maktaba ya shule, si kabatini kwa mtu.

Mzinga wa Königsberg utaendelea kukaa Mombasa, unapakwa rangi, unapigwa picha. Chuma hakina haraka. Bibi zetu hawana muda kama chuma. Likizo ya Juni i karibu, na madaftari matano ya kwanza nimekwisha kumkabidhi Katibu wa chama.